Isotopi adimu: kwa nini nyingine husafiri na nyingine hazisafiri

Hapa Athi River karibu kila kitu huja au huondoka kwa lori: klinka na saruji, vyuma chakavu vinavyokwenda kuyeyushwa, nguo za viwanda vya EPZ, makontena yanayopanda kutoka Mombasa. Kwa hivyo mtu akisikia kwamba kuna hospitali Nairobi zilizojenga mashine nzima ya kurusha protoni, ili tu kutengeneza dawa moja ya kupigia picha za saratani, huuliza swali la maana kabisa. Kwa nini wasiagize dawa yenyewe kutoka Ulaya au India, kama wanavyoagiza dawa nyingine zote?

Jibu ni namba moja. Na ukiifuata namba hiyo nyuma miaka mia moja na ushee, hupiti Paris na California pekee. Unapita pia Katanga, kwa wenzetu wa Kiswahili cha Lubumbashi. Leo ningependa tuifuate. Kazi yangu ni kuandika programu, si fizikia, lakini hesabu yenyewe ni ya mstari mmoja na mtu yeyote mwenye lahajedwali anaweza kuirudia.

Kwanza maneno mawili, halafu tuendelee. Kiini cha atomi kimejaa protoni na neutroni. Idadi ya protoni ndiyo inayoipa elementi jina lake: 6 ni kaboni, 88 ni radiamu, 92 ni urani. Idadi ya neutroni inaweza kubadilika, na kila idadi ni isotopi tofauti ya elementi ile ile. Isotopi nyingine zimetulia milele. Nyingine hazitulii, huvunjika na kutoa mionzi, na hizo ndizo tunazoziita nururifu. Haiwezekani kujua atomi fulani itavunjika lini, lakini ukiwa na nyingi, muda unaopita hadi nusu yake iishe haubadiliki. Huo ndio nusu-maisha. Kinachobaki ni kiasi cha mwanzo mara 0.5 kwa kipeo cha (muda uliopita gawanya kwa nusu-maisha). Basi. Friji haisaidii, sanduku la risasi halisaidii, na kumhonga mtu wa forodha hakusaidii.

Sasa twende Paris. Marie na Pierre Curie walitangaza radiamu Desemba 1898. Kuitangaza kulikuwa jambo moja, kuishika mkononi jambo jingine. Radiamu huzaliwa ndani ya mawe ya urani na hukaa humo kwa kiasi kidogo mno, kama gramu moja kwa kila tani tatu za urani. Tena hujificha. Ukiyachemsha mawe kwa asidi na kutenga elementi moja moja, radiamu hufuatana na bariamu, maana kikemia hizo mbili ni kama mtu na nduguye. Marie alitumia tofauti ndogo iliyokuwepo kati yao: chumvi ya radiamu hugeuka fuwele mapema kidogo kuliko ya bariamu. Unayeyusha, unaacha ipoe, unachukua fuwele za kwanza, unaziyeyusha tena. Waandika programu mtaitambua kazi hii, ni kitanzi ambacho kila mzunguko wake huongeza usafi kidogo. Alizunguka hivyo kwa miaka, akianza na masalio ya mgodi wa Joachimsthal kule Bohemia, na mwaka 1902 alikuwa na kama sehemu ya kumi ya gramu ya kloridi ya radiamu.

Nusu-maisha ya radiamu-226 ni miaka 1,600. Ikumbuke namba hiyo.

Mwaka 1915 Mwingereza mmoja, Robert Rich Sharp, aliyekuwa akitafuta madini kwa niaba ya kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga, alifika kwenye kilima cha Shinkolobwe, karibu na mji unaoitwa Likasi leo. Alichokikuta hakikuwa na mfano. Mawe ya Colorado, ambayo wakati huo ndiyo yaliyokuwa yakilisha soko la radiamu, yalikuwa na urani asilimia chache tu. Ya Shinkolobwe, yale mazuri, yalikuwa na zaidi ya nusu. Vita vya kwanza vilipokwisha uchimbaji ukaanza, na kuanzia 1922 radiamu ikaanza kutoka. Lakini haikutoka Katanga. Mawe yalipakiwa katika treni, yakapelekwa pwani, yakavushwa bahari hadi Ubelgiji, na kiwanda cha kutenga radiamu kikajengwa mji wa Olen.

Mwaka 1921, kabla ya Olen kuanza, wanawake wa Marekani walichanga dola 100,000 kumnunulia Marie Curie gramu moja tu ya radiamu, na Rais Harding ndiye aliyemkabidhi. Wabelgiji walipoingia sokoni bei ilishuka hadi kama dola 70,000 kwa gramu, na migodi ya Colorado ikafunga. Kwa zaidi ya miaka kumi, hadi Kanada ilipoanza kusafisha ya kwake miaka ya 1930, sehemu kubwa ya radiamu mpya duniani ilitoka katika shimo moja la Katanga. Ndiyo miaka ambayo fizikia ya kiini ilikuwa ikizaliwa, na radiamu pamoja na watoto wake, radoni na poloniamu, ndizo zilizokuwa bunduki za wanafizikia. Hawakuwa na njia nyingine nyepesi ya kupata chembe za kurushia viini.

Hapa ndipo ninapotaka tusimame kidogo. Chukua gramu moja ya radiamu ndani ya mawe, ipe miezi mitatu ya treni, bandari na meli. Weka katika ule mstari wetu: miezi mitatu gawanya kwa miaka 1,600. Kinachopotea njiani ni kama sehemu moja kwa elfu kumi. Yaani hakuna. Kwa upande wa fizikia, kiwanda cha kutenga kingeweza kuwa popote: Likasi, Antwerp, hata hapa Athi River. Kulikuwa na sababu nyingine za kukiweka Ubelgiji, kama asidi, mitambo na wanakemia, na hizo si sababu za kubeza. Lakini huko Katanga kampuni hiyo hiyo ilijenga mitambo mikubwa ya kuyeyusha shaba, maana shaba ina uzito na kusafirisha mawe yake mabichi kungekula faida. Radiamu haikuwa na uzito huo, na nusu-maisha yake ndefu ilimwachia mwenye mgodi achague pa kufanyia kazi ya thamani. Akachagua kwao. Wachimbaji wa Katanga walioyabeba mawe yale kwa mikono hawakuandikwa vitabuni kwa majina kama Sharp, na ufundi wa kutenga haukuwafikia. Urani yenyewe, iliyobaki baada ya radiamu kutolewa, ilikuwa karibu na taka. Iliuzwa kwa watu wa kutia rangi vyungu na vioo.

Wakati Olen ikifanya kazi hiyo ya taratibu, Paris walikuwa wakijifunza kazi ya haraka. Januari 1934 Irène Curie, binti yake Marie, na mumewe Frédéric Joliot waliiweka karatasi ya aluminiamu mbele ya poloniamu. Walipoiondoa poloniamu, aluminiamu iliendelea kutoa mionzi peke yake. Walikuwa wametengeneza fosforasi ambayo haipo duniani, fosforasi-30, yenye nusu-maisha ya dakika mbili na nusu. Sasa thibitisha kwamba ni fosforasi kweli! Una atomi chache mno, na kila dakika mbili na nusu nusu yake inakukimbia. Waliitumbukiza aluminiamu katika asidi ya hidrokloriki, ikayeyuka, gesi ikapanda ndani ya kijitubu, na mionzi ikapanda pamoja na gesi huku aluminiamu ikibaki chini. Kazi yote ilichukua dakika chache. Mama mtu alikuwa amechemsha mawe miaka. Mtoto na mkwe walikuwa na muda wa kunywa kikombe cha chai. Mwaka uliofuata walipewa Nobel ya kemia.

Kuanzia hapo isotopi adimu zikawa kitu cha kutengenezwa, si cha kuchimbwa tu, na swali likawa: itaishi hadi wapi? Mfano ninaoupenda zaidi ni wa 1937. Emilio Segrè, profesa wa Palermo kule Sicily, alikuwa ametembelea maabara ya Ernest Lawrence huko Berkeley, kwenye mashine mpya iitwayo saiklotroni, inayozungusha chembe katikati ya sumaku na kuzisukuma kidogo kila mzunguko hadi ziwe na kasi kubwa. Baadaye Lawrence alimtumia kwa posta kipande cha molibdenamu kilichokuwa kimepigwa na mashine hiyo kwa miezi. Ndani ya kipande hicho Segrè na mwenzake Carlo Perrier walitenga elementi namba 43, ambayo wanakemia walikuwa wameitafuta kwa miaka bila kuipata, na ambayo baadaye iliitwa teknetiamu. Elementi mpya ilisafiri ndani ya bahasha! Iliwezekana kwa sababu isotopi zake zilizokuwemo zina nusu-maisha ya miezi miwili hadi mitatu, na meli ya barua ilitosha. Kama zingekuwa za siku moja, Segrè angefungua bahasha yenye kipande cha chuma cha kawaida.

Halafu vita vya pili. Edgar Sengier, mkuu wa Union Minière, alikuwa ameshahamishia zaidi ya tani 1,200 za mawe ya Shinkolobwe kwenye ghala la Staten Island, New York, mwaka 1940. Septemba 1942 Kanali Kenneth Nichols alipokwenda ofisini kwake kuulizia urani, ilikuwa tayari mjini. Sehemu kubwa ya urani ya mradi wa bomu ilitoka Katanga, na matumizi yake huko Hiroshima yanajulikana, sitayarudia.

Ninachotaka ukione ni namna ya kutenga, maana hapa kemia ilishindwa kabisa. Urani-235 na urani-238 si ndugu, ni mtu na kivuli chake. Hakuna asidi inayozitofautisha, kwa sababu ni elementi moja. Kinachotofautiana ni uzito tu, na kidogo mno. Lawrence akaigeuza saiklotroni yake kuwa mashine ya kupima uzito. Atomi hupewa chaji, hurushwa, kisha sumaku huzipindisha. Fikiria magari mawili yanaingia kona kwa mwendo mmoja, moja pikipiki na jingine lori lililopakia saruji, na mkono unaoyavuta ndani ya kona una nguvu sawa kwa yote mawili. Lori litazunguka kwa duara pana zaidi. Weka ndoo mbili mwishoni mwa kona, moja ya ndani na moja ya nje. Mitambo hiyo iliitwa kalutroni, ikajengwa Oak Ridge, Tennessee, na kwa kuwa shaba ilikuwa adimu wakati wa vita, nyaya za sumaku zilitengenezwa kwa fedha, yaani madini yenyewe si noti, zaidi ya tani 13,000 zilizoazimwa kutoka hazina ya Marekani. Baada ya vita baadhi ya kalutroni zilibaki zikitenga isotopi kwa ajili ya utafiti, na Agosti 1946 kinu cha Oak Ridge kilituma kaboni-14 yake ya kwanza kwa hospitali ya saratani ya St. Louis. Nusu-maisha ya kaboni-14 ni kama miaka 5,700. Ingeweza kupelekwa kwa punda.

Kongo yenyewe ilipata kinu mwaka 1959, mwaka mmoja kabla ya uhuru, lakini si Katanga. Kilijengwa Chuo Kikuu cha Lovanium, Kinshasa, ambapo mkuu wa chuo, padre Luc Gillon, alikuwa mwanafizikia wa nyuklia. Kiliitwa TRICO, kilowati 50, aina ya TRIGA, jina ambalo herufi zake ni mafunzo, utafiti, isotopi na kampuni ya General Atomics. Kilikuwa kinu cha kwanza cha nyuklia barani Afrika. Cha pili, TRICO II cha megawati moja, kilianza 1972 chini ya Félix Malu wa Kalenga. Ni habari ya kujivunia na ya kusikitisha pamoja. Fito mbili za fueli zilipotea, moja ikaja kukamatwa Italia mwaka 1998. Kinu kimezimwa tangu 2004.

Na sisi Kenya? Kwa miaka mingi tuliishi kwa isotopi za kuagiza, na ule mstari wetu ndio uliochagua zipi. Chuo Kikuu cha Nairobi kilianzisha taasisi yake ya sayansi ya nyuklia mwishoni mwa miaka ya 1970, na watafiti wake wamepima udongo, madini na vumbi la hewa kwa kutumia kadmiamu-109. Nusu-maisha yake ni siku 462. Unaagiza, inafika, unafanya kazi mwaka mzima kabla haijadhoofika sana.

Hospitali zilikuwa na tatizo gumu zaidi. Zinataka isotopi inayokufa upesi, ili mgonjwa asitembee na mionzi wiki nzima, lakini isiyokufa ndani ya ndege. Mahitaji hayo mawili yanagombana. Suluhisho lilipatikana maabara ya Brookhaven, New York, mwaka 1958, na wavumbuzi wenyewe wakaliita ng'ombe. Majirani zetu wa upande wa Kitengela na Kajiado watalielewa haraka kuliko mimi. Molibdenamu-99, yenye nusu-maisha ya saa 66, hunatishwa kwenye kijinguzo cha alumina ndani ya kasha la risasi. Atomi zake nyingi zinazovunjika huzaa teknetiamu-99m, ile ile elementi ya bahasha ya Palermo, yenye nusu-maisha ya saa 6. Asubuhi unapitisha maji ya chumvi: teknetiamu huyeyuka na kutoka, molibdenamu hubaki imenata. Hayo ndiyo maziwa. Kesho asubuhi unakamua tena. Kwa hivyo kutenga, ile kazi iliyokuwa ya Olen, hufanyika sasa katika chumba cha hospitali, na husafirishwa ng'ombe badala ya maziwa. Vipimo vingi vya nyuklia hospitalini duniani hutegemea teknetiamu hii hadi leo.

Lakini ng'ombe mwenyewe hazeeki polepole. Baada ya siku tano amebaki na asilimia 28 ya nguvu zake. Lazima aje mwingine kila wiki, kwa ndege, kutoka mojawapo ya vinu vichache sana duniani. Mei 2009 kinu cha Chalk River, Kanada, kilivuja na kuzimwa hadi Agosti 2010. Katikati ya kipindi hicho kinu cha Petten, Uholanzi, nacho kikafungwa kwa matengenezo. Viwili hivyo peke yake vilikuwa vikitoa zaidi ya nusu ya molibdenamu ya dunia. Hospitali zikaahirisha vipimo. Kisha Aprili 2010 volkano ya Iceland ikafunga anga ya Ulaya, na sote hapa tunakumbuka maua yakitupwa kwa tani kwa sababu ndege hazikuondoka JKIA. Waridi na molibdenamu ni bidhaa za aina moja ukizitazama hivi. Tofauti ni kwamba waridi unaweza kulitia kwenye friji.

Sasa tumefika kwenye swali la mwanzo. Dawa ya PET, ile picha inayoonyesha saratani imeenea wapi, hutumia florini-18. Nusu-maisha: dakika 110. Tuseme imetengenezwa Mumbai, ikapakiwa, ikaruka, ikapita forodha, ikafika kitandani baada ya saa nane. Imebaki asilimia 5 hivi. Kutoka Ulaya, saa kumi na mbili, asilimia 1. Hakuna ng'ombe wa kufaa kwa florini. Kwa miaka mingi walisafiri wagonjwa badala ya dawa, wakienda India kupigwa picha moja, kwa gharama tunazozijua sote kutokana na harambee.

Mwaka 2018 Hospitali ya Chuo Kikuu cha Aga Khan, Nairobi, ilianza kutumia saiklotroni yake, na baadaye hospitali ya Chuo Kikuu cha Kenyatta, kule Kahawa, ikapata ya kwake. Ni mjukuu wa mashine ya Lawrence, iliyofungwa katika kuta nene za zege. Kazi huanza kabla ya wagonjwa kufika. Maji maalum hupigwa na protoni. Si maji ya bomba, ni maji yenye oksijeni-18, isotopi iliyotulia ambayo katika maji ya kawaida ni asilimia 0.2 tu na ambayo ilishatengwa kwingine. Kila protoni inayogonga vizuri humtoa neutroni mmoja na kuigeuza oksijeni kuwa florini. Kisha maji hupitishwa kwenye kijinguzo kinachoikamata florini na kuacha maji yapite, na mtambo unaoongozwa na kompyuta huiunganisha na sukari, kwa kama nusu saa, nyuma ya ukuta wa risasi ambako mkono wa mtu hauingii. Kila dakika ya programu hiyo ina bei. Mimi hulalamika ukurasa ukichelewa sekunde tatu kufunguka. Huko dakika 10 za kuzubaa zinakula asilimia 6 ya dawa. Na kutoka Kahawa hadi huku Athi River, jioni ya Ijumaa ukiikwepa barabara ya kulipia, dakika 110 si ajabu. Nusu ya dozi ingebaki Mombasa Road.

Kwa hiyo mashine ililazimika kuja. Isotopi ya miaka 1,600 ilimwachia mwenye mtaji aitenge mbali, isotopi ya dakika 110 haimwachii. Wahandisi, wanakemia na wafamasia wa kazi hii inabidi wawe Nairobi, na ujuzi wa kutenga lazima ukae hapo walipo.

Wanafizikia wenyewe wamekwenda mbali zaidi na njia hiyo. Isotopi wanazozitafuta leo huishi sekunde au chini yake, na haziwezi kufika hata jengo la pili. Mwaka 1951 Otto Kofoed-Hansen na Karl Ove Nielsen wa Copenhagen waliunganisha saiklotroni na kitenganishi cha sumaku kwa bomba, ili kriptoni iliyozaliwa upande mmoja iingie kwenye kona ya sumaku moja kwa moja. Wazo hilo ndilo lililozaa ISOLDE ya CERN, Uswisi, iliyoanza Oktoba 1967. Protoni hugonga shabaha nzito, mara nyingi ya urani, iliyopashwa joto hadi karibu nyuzi 2,000 ili isotopi zichuruzike nje kabla hazijafa. Imeshatoa zaidi ya isotopi 1,000 tofauti. Njia ya pili haisubiri hata kuchuruzika: unarusha kiini kizito kwa karibu nusu ya kasi ya mwanga, kinapasuka kwenye karatasi nyembamba, na sumaku huvichambua vipande vikiwa bado vinaruka. Kwa njia hiyo, mwaka 1985 huko Berkeley, Isao Tanihata na wenzake walipima lithiamu-11, inayoishi chini ya sehemu moja kwa mia ya sekunde, wakakuta neutroni zake mbili zinaelea mbali sana na wenzake, hata kiini hicho chepesi kikawa na upana wa kukaribia kiini cha risasi. FRIB ya Michigan, iliyofunguliwa Mei 2022, ni mashine ya aina hiyo. Wapenzi wa programu huria mtafurahi kusikia kwamba inaongozwa na EPICS, ambayo mtu yeyote anaweza kuipakua bure na kuijaribu nyumbani.

Nimekaa sana kwenye zinazokufa upesi. Zile za kukaa nazo zina habari yao, na inatuhusu sisi wa mji wa vyuma. Desemba 1983, huko Ciudad Juárez, Mexico, mashine kuukuu ya tiba yenye kobalti-60 iliuzwa kama vyuma chakavu na ikayeyushwa pamoja na mengine. Nondo zikatengenezwa, maelfu ya tani, zikauzwa. Hakuna aliyejua hadi Januari 1984, lori lililobeba nondo hizo lilipokosea njia likapita karibu na maabara ya Los Alamos, na vipima mionzi vya getini vikalia. Mwaka 1998 seziamu-137, ambayo viwanda vingi duniani, vikiwemo vya saruji, huitumia kupimia viwango ndani ya mitambo, iliyeyushwa kwa bahati mbaya katika kiwanda cha chuma karibu na Algeciras, Hispania, na wingu lake likapimwa hadi nchi jirani. Nusu-maisha ya seziamu-137 ni miaka 30. Isotopi inayovumilia safari ya meli huvumilia pia kusahauliwa nyuma ya ghala. Ndiyo maana Kenya ina sheria ya mionzi tangu 1982, mamlaka mpya ya udhibiti chini ya sheria ya 2019, na ghala la kuhifadhi vyanzo vilivyochoka msituni Oloolua, Ngong.

Shinkolobwe ilizibwa kwa zege mwaka 1960, kabla tu ya uhuru. Zege halikuzuia njaa: wachimbaji wadogo walirudi, wakifuata kobalti iliyo katika mawe yale yale. Serikali iliufunga tena mgodi kwa amri mwaka 2004, na Julai ya mwaka huo huo sehemu yake ikaporomoka na kuua watu wanane. Radiamu ya kwanza iliyotengwa Olen mwaka 1922, popote ilipo sasa, katika sindano za zamani za hospitali au kwenye udongo wa kiwanda unaosafishwa mpaka leo, bado ipo kwa asilimia 95 na ushee.